Tuta Lililotembea

Bibi Silvana alikuwa akipepeta ulezi uani, lakini masikio yote yalikuwa kwenye simu ya mjukuu wake, Rosina. Binti huyo alikuwa katika kikundi cha kujitolea pale Sumbawanga. Walifunga kamera kwenye miti. Mnyama akipita, kamera inapiga picha yenyewe, kisha watu watatu wanaitazama kila picha na kuandika jina la waliyemwona.

Kamera moja ilikuwa kwenye kichaka cha babu yake Rosina, marehemu Fransisko. Mzee yule alikataa kukifyeka miaka thelathini, akisema humo amemwona kakakuona. Hakuna mwingine aliyemwona. Watu walimcheka mpaka akaingia kaburini, eti analinda ndoto. Sasa Eustaki, kiongozi wa kikundi, alikuwa ameamua: kamera ile haileti kitu, Jumamosi inafunguliwa ikafungwe kwingine.

"Zimebaki picha ngapi, mke mwenzangu?" Bibi aliuliza.

Rosina akasema mbili, nazo tupu. Moja ina tuta la majani tu, na wenzake wawili wameshaandika hivyo.

Bibi akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaomba aone. Kweli, kitu kilikuwa cha duara, kijivu, mfano wa matuta yale ya shambani ambamo Wafipa hufukia majani yaoze, ardhi ipate nguvu. Mtoto yeyote wa Ufipa angesema tuta. Ila Bibi akauliza picha ni ya lini.

"Siku ya pili ya Krismasi, bibi."

"Krismasi matuta yote tumeshayatawanya, ulezi uko ardhini. Nani huyo kabakiza lake, tena kichakani?"

Rosina akafungua picha ya pili, iliyopigwa dakika sita baadaye. Kisiki kilekile, nyasi zilezile. Tuta halipo.

"Kitendawili," Bibi akasema taratibu.

"Tega."

"Mgeni wangu akiogopa hakimbii, anajigeuza nyumba."

Rosina akarudi kwenye ile ya kwanza, akaivuta kwa vidole viwili mpaka majani yakawa magamba, yamelaliana kama vigae.

"Kakakuona," akasema.

"Umepata."

Akaandika, kisha akampigia Eustaki, naye akawataka wale wawili watazame upya. Ulezi ulikuwa umeshapepetwa wote jibu lilipokuja: wamekubali, na kamera ibaki palepale.

Bibi akaomba aishike simu kidogo. Akaipokea kwa viganja viwili, kama mtu aliyepewa kifaranga. Kidole kikateleza, picha ikatoweka.

"Nimemfukuza?"

"Hapana bibi, umegusa tu." Rosina akairudisha.

Silvana akaisogeza karibu na uso. Kisha akanong'ona, wala hakuwa akisema na mjukuu:

"Mzee, wamemwona."