Wavu wa Gari la Abdala

Andongwisye alikuwa ameinamia beseni bovu, analiziba tundu, aliposikia mlio wa lile gari kabla hajaliona. Aliujua mlio huo tangu miezi miwili nyuma, siku Abdala alipotoka Dar es Salaam na pikapu nyeupe ya Toyota iliyotumika Japani, ikiwa bado na karatasi ya Kijapani kwenye kioo. Tukuyu nzima ilitoka madukani kuitazama. Andongwisye peke yake ndiye aliyeendelea kugonga bati.

Angekuwa anamchukia Abdala, lingekuwa jambo jepesi. Lakini Abdala alikuwa utingo wake. Miaka sita walikwenda pamoja na lori la chama cha ushirika, Andongwisye kwenye usukani, Abdala nyuma juu ya magunia ya kahawa, tayari kuruka chini kuweka jiwe kwenye gurudumu kila waliposimama mlimani. Enzi hizo dereva wa ushirika alikuwa mtu. Akifika Mpuguso walimvutia kiti kwanza, ndipo wakamsalimia. Kisha ushirika ukayumba, malori yakaegeshwa mpaka yakaotewa na majani, ikaja miaka ya ruksa, kila mtu auze anachoweza. Andongwisye akafungua kibanda cha bati kando ya soko. Abdala akaanza na fungu la mitumba chini kwenye turubai, akapanda meza, akapanda duka, na sasa alikuwa amepanda gari.

"Shikamoo, kaka," alisema Abdala, akishuka.

"Marahaba."

Abdala alichuchumaa mbele ya gari na kumwonyesha shoo, ule uso wa plastiki wenye matundu. Kipande kimoja kilikuwa kimevunjika. Barabara ya Lupepo ilikuwa imemwagwa kokoto mpya. Lori la mbele yake lilirusha jiwe, likapenya hapo na kutoboa rejeta. Maji yote yalimwagika njiani.

"Rejeta wameshaiziba Mbeya. Sasa nataka wavu wa chuma nyuma ya shoo, mawe yasipite tena. Walitaka kunifungia hukohuko, nikawaambia hapana, kazi hiyo ni ya kaka yangu."

Ndani ya kibanda kulikuwa na marobota mawili ya wavu. Moja lilikuwa na matundu mapana, kidole kinapita. Jingine lilikuwa wavu mwembamba wa madirishani, wa kuzuia mbu. Andongwisye hakuhitaji kufundishwa. Rejeta inaishi kwa upepo unaopoza maji ya injini, na yeye alikuwa amepandisha milima ya Rungwe tangu Abdala hajui hata kufunga turubai. Alichukua wavu mpana, akaupima, akaanza kuukata.

Ndipo mkewe, Atuganile, alipofika na chakula cha mchana.

"Abdala! Gari limekukaa hilo!" Akaweka kikapu chini, akapapasa mlango. "Mkeo Mwanaamina sasa hatagusa tena tope."

"Ingia ukae, shemeji. Kiti hakina mwiba."

Atuganile aliingia, akakaa mbele, akayumbayumba kwenye kiti na kucheka. Andongwisye hakuwa amekisikia kicheko kile muda mrefu. Zamani kilikuwa chake, siku alipompitisha nyumbani kwao Kawetele ndani ya lori la ushirika, wadogo zake wakikimbia nyuma. Alisimama na mkasi mkononi.

Akauweka chini wavu mpana, akachukua ule wa mbu. Akaukunja mara mbili, akaufunga kwa waya imara, pembe zote nne, kisha akaupaka rangi nyeusi, na rangi ikaziba matundu mengine.

"Mbona matundu madogo hivi?" aliuliza Abdala.

"Unataka mawe yapite au yasipite?"

"Basi. Wewe ndiye fundi."

Wiki nzima Andongwisye aliishi akisikiliza. Gari likipita, alitega sikio. Likichelewa kurudi, hakujua kama anaona furaha au hofu. Jumatano Abdala alisimama tena kibandani.

"Kaka, linachemka. Nadhani wale wa Mbeya hawakuziba vizuri. Kesho napeleka ndizi Uyole, twende wote. Sikio lako ni zuri kuliko langu."

Atuganile alikuwepo. Andongwisye alikosa njia ya kukataa.

Walipofika Kiwira, ndizi zimejaa nyuma na mama mmoja muuza maparachichi amejikunyata juu yazo, Abdala alisimamisha gari, akashuka, akazunguka.

"Hamia huku. Mlima huu wewe ndiye uliyenifundisha."

Miaka minne Andongwisye hakuwa ameshika usukani. Aliingiza gia, gari likamtii, laini, bila ule ubishi wa lori la ushirika. Kwa dakika chache alisahau kila kitu. Akapita kona ya kwanza, ya pili, akijiona yule mtu wa zamani. Kisha akatupa jicho kwenye mshale wa joto. Ulikuwa umevuka katikati.

Abdala alikuwa anazungumza. Akipata gari la pili, alisema, atatafuta dereva mtu mzima, asiyekimbiza chuma. Hakumtaja mtu. Andongwisye alishusha gia hadi ya pili. Mshale ukapanda. Harufu ya moto ikaingia ndani. Alijua kilichokuwa kikitokea mbele ya miguu yake kama vile amefunuliwa boneti: upepo unagonga wavu na kurudi, maji yanatokota. Angeendelea kimya mpaka Isyonje, injini ingekufa, na lawama ingekwenda kwa watu wa Mbeya.

Alisogeza gari pembeni, akazima.

"Si rejeta," alisema.

"Ni nini?"

"Ni wavu. Nilijua wakati naufunga."

"Ulijua nini?"

"Kwamba upepo hautapita."

Mvuke ulikuwa ukitoka pembeni mwa boneti. Abdala alimgeukia.

"Kaka, nimekukosea nini?"

Andongwisye alitafuta. Alitafuta kwa dhati, angalau neno moja baya, salamu moja ya dharau. Hakupata.

"Hujanikosea. Una gari."

Abdala alishuka, akachukua koleo chini ya kiti, akakata zile waya nne. Wavu akautupa mtaroni. Walikaa mbalimbali mpaka injini ikapoa, wakaongeza maji. Kisha Abdala akanyoosha mkono, akapewa funguo, akamwita yule muuza maparachichi.

"Mama, njoo ukae mbele, huko nyuma baridi."

Andongwisye alipanda juu ya ndizi. Ukungu ulimlowesha koti mpaka Uyole.

Jioni alimsimulia mkewe, kwa sababu angesikia tu. Atuganile alisukuma kuni jikoni.

"Uliona wivu kwa ajili ya gari, au kwa ajili yangu niliyekaa ndani?"

"Vyote."

"Mimi nilikuwa nacheka kiti, Baba Baraka. Kinadunda." Usiku ule hakumsemesha tena, na kesho yake pia.

Baada ya wiki mbili Andongwisye alitengeneza wavu mwingine, mpana wa matundu, akaukunja kingo zote zisikwaruze, akauacha mkavu bila rangi. Aliupeleka mwenyewe dukani kwa Abdala, kwa miguu. Abdala aliuinua kwenye mwanga, akapitisha vidole kwenye matundu, tundu baada ya tundu.

"Ahsante, kaka," alisema. Akauweka chini ya meza, akamgeukia mteja.

Siku chache baadaye Andongwisye alipita karibu na kituo cha mafuta. Pikapu ilikuwa imefunguliwa boneti, na Fahadi, fundi aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa anaufunga ule wavu. Alikuwa anakaza waya kwa kuzungushia kushoto, jambo ambalo Andongwisye asingelifanya hata kidogo. Abdala alisimama kando yake, wanacheka. Andongwisye alisalimia, wakaitikia vizuri wote wawili. Akaendelea na njia yake, na mpaka anafika sokoni alikuwa bado anaziwaza zile waya, na mikono ya Fahadi kwenye kazi iliyokuwa yake.