Majani Yote, Uwanja wa Kwanza

Mzee Wekesa alipofika mwaka wa 2009, kalamu iligoma.

Wiki tatu nzima historia aliyokuwa akiiandika ilikuwa imemtii. Klabu ya tenisi ya Rosslea, huko Sydney, aliyoitunzia nyasi kwa miaka ishirini na mmoja, ilikuwa imempigia simu kumwambia kwamba mashindano ya Januari ijayo yangekuwa ya mwisho kuchezwa juu ya nyasi. Baada ya hapo viwanja vingechimbwa, vimwagiwe saruji na kupakwa rangi ya buluu. Meneja, mwanamke mwenye haraka, alimwomba aandike kurasa nne za historia ya mashindano, ziingie kwenye kijitabu cha wageni. "Hakuna anayekumbuka kama wewe," alimwambia. Wekesa, mtu wa miaka sabini na minne, aliyepata cheti chake cha sekondari kwa masomo ya jioni jijini Nairobi huku mchana akifagia ghala, alijibu kwamba kurasa nne hazitoshi, lakini atajitahidi.

Alijitahidi kweli. Aliandika jinsi mwenye tanuri la matofali alivyopanda nyasi mwaka 1927 ili wanawe wapate pa kuchezea, na jinsi mshindi wa kwanza alivyopewa birika la fedha ambalo mkewe alilirudisha kwa kuwa lilivuja. Aliandika miaka ya vita, viwanja vilipolimwa viazi. Aliandika mwaka 1970, mashindano yalipokuwa ya wachezaji wa kulipwa, na watu waliokuwa wakija kwa baiskeli wakaanza kuja na mawakala. Majina makubwa hayakuwa mengi. Walikuja zaidi vijana wa nafasi ya mia mbili au mia tatu duniani, wakilala wanne chumba kimoja kule Parramatta, wakitafuta pointi chache za kuwasogeza mbele. "Lakini nyasi haziulizi mtu jina lake," aliandika. "Humtelezesha bingwa kama zinavyomtelezesha mgeni."

Sentensi hiyo ilimpendeza, akamsomea binti yake Jacky aliporudi kutoka shifti ya hospitali.

"Iko poa, Daddy," Jacky alisema akivua viatu. "Lakini hiyo history itaisha lini? Meza yote ni makaratasi. Tutakula wapi?"

"Historia haiishi, mama. Hukatwa tu."

"Basi kata, nina njaa."

Ndipo ukaja 2009. Katika kumbukumbu za klabu mwaka huo una mstari mmoja: fainali ilihamishiwa uwanja wa saruji kwa sababu ya kosa la kibarua. Kuunakili mstari huo kungemchukua nusu dakika. Alikaa mbele yake siku mbili.

Kibarua huyo alikuwa Katembo, Mkongo wa Butembo, aliyekuwa na wiki tatu tu kazini. Usiku wa kuamkia fainali dhoruba ilipiga, na mikaratusi iliyozunguka viwanja ikamwaga majani yake kila mahali. Asubuhi Wekesa, mkuu wa nyasi, alimwita kwa Kiswahili, lugha pekee waliyoelewana kwayo. "Katembo, toa majani yote uwanja wa kwanza. Lisibaki hata moja." Kisha akaenda kupokea waamuzi. Lakini huko Katembo alikotoka, majani ni kile anachokula ng'ombe. Nyasi za tenisi hukatwa zibaki milimita nane. Katembo aliteremsha kisu cha mashine mpaka mwisho, akapita na kurudi, akapita na kurudi. Wekesa aliporejea, uwanja wa fainali ulikuwa na upara wa kahawia, mstari kwa mstari, kazi safi kabisa. Kabla ya saa sita mchana Katembo alikuwa amefukuzwa. Ofisini, Wekesa alisema neno moja tu, kwamba mtu huyu lugha haijui vizuri.

Halafu akafanya jambo la pili. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, Waafrika wa magharibi ya Sydney hukutana Blacktown kwa ibada ya Kiswahili, na baada ya ibada hunywa chai. Hapo chaini Wekesa alipenda kusimulia jinsi Kiswahili cha Kongo kilivyonyoa uwanja wa tenisi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa miaka kumi na sita kisa hicho kiliombwa kama wimbo. Katembo aliacha kuja ibadani. Wekesa aliona, wala hakuuliza.

Siku ya pili ya kukaa bure mbele ya karatasi alivuta kamusi yake, ile aliyozoea kusahihishia wahubiri, ili apoteze muda kwa heshima. Maisha yake yote alitafuta humo maneno magumu. Neno dogo kama jani hakuwahi kulitafuta, maana nani asiyelijua? Akalitafuta. Maana ya kwanza ilikuwa ile yake, sehemu ya mmea inayoota kwenye tawi. Maana ya pili: nyasi.

Akabadilisha miwani. Maana ya pili ikabaki pale pale.

Jumamosi alipanda treni Quakers Hill, akashuka Parramatta, akangoja basi la Smithfield juani huku magoti yakimuuma. Mara mbili alifikiri kurudi. Nyumba ya Katembo ilikuwa nyuma ya maghala, na aliyefungua mlango alikuwa mkewe, Honorine.

"Papa Katembo!" Honorine aliita ndani bila kumwondolea macho mgeni. "Mwalimu wa Kiswahili amefika! Jifiche, usiseme kitu vibaya."

Katembo alitoka akitembea upande upande. Kuendesha foklifti ya ghala miaka mingi kulikuwa kumemla kiuno. "Mzee Wekesa. Nilisikia ulikufaka."

"Bado."

"Basi ikala."

Zamani Wekesa angemwambia kwamba husemwa "kaa". Alikaa. Hakupewa maji. Akatoa karatasi mfukoni, akaeleza kwamba anaandika historia ya mashindano, na kwamba mstari wa 2009 atauandika upya: fainali ilihamishwa kwa kosa la mkuu wa nyasi, aliyetoa amri isiyoeleweka. Kibarua hakuwa na hatia. Alieleza na habari ya kamusi. Hilo la kamusi alilisema akitazama zulia.

Katembo alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo kitabu ni ya Kingereza?"

"Ndiyo."

"Nani atasoma?"

"Wageni. Wanachama. Itawekwa na kwenye maktaba ya klabu."

"Bale bazungu banijua? Balinisahau kesho yake." Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyetoka shifti. "Kazi nilipata ingine, mzee. Kazi si kitu. Lakini pale Blacktown, unajua bananiitaka nani?"

Wekesa alijua.

"Sema."

"Kinyozi."

"Kinyozi," alisema Honorine. "Binti yetu aliolewa mwaka jana. Mutu mumoja akasimama kwenye karamu, akasema, huyu bibi arusi ni mutoto wa Kinyozi. Bote bakacheka. Na huyu," akamwonyesha mumewe kwa kidevu, "akacheka nabo. Angefanya nini?"

Nje, lori lilikuwa likirudi kinyumenyume na kulia.

"Na kuna ingine umesahau," Katembo alisema. "Nilikuulizaka. Majani yote, mzee? Niliona ni ajabu. Ukaendelea kutembea. Nikakufuata, nikauliza tena. Yote-yote? Na weye ukasema nini?"

Wekesa hakuwa amesahau. Alikuwa ameliondoa jambo hilo kwenye kisa mara ya kwanza tu alipokisimulia, kwa sababu lilikuwa likiharibu kicheko, na kila aliposimulia tena likazidi kuzama.

"Nilisema, yote! Kwani huelewi Kiswahili?"

"Njo vile," alisema Katembo. "Sasa hiyo, usiiandike kwa Kingereza. Pale uliposemea, semea pale."

Ndipo Honorine akaenda kuleta maji.

Mstari mpya wa 2009 Wekesa aliuandika hata hivyo, akatuma kurasa zake. Meneja alijibu kwa shukrani nyingi: historia ni nzuri sana, ila wamepunguza kidogo ili ipatikane nafasi ya picha ya viwanja vipya. Mwaka 2009 haukuwemo tena, na birika nalo halikuwemo. Siku nyingine angepiga simu kupigania kila neno. Siku hiyo aliisoma barua, akalala kidogo.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Jacky alimpeleka Blacktown. Usiku uliotangulia hakupata usingizi, na koti lake la ibada lilimwelemea mabegani kama la mtu mwingine. Matangazo yalipofika aliinua mkono, na mchungaji akampisha mbele kwa tabasamu. Honorine alikuwa kwenye safu ya kwaya. Katembo hakuonekana.

"Ndugu zangu," Wekesa alisema, "nataka kuwaambia habari ya Katembo na uwanja wa tenisi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakuwa amesema kitu bado. Walikijua kisa, wakakianzia mwisho. Mzee mmoja alinyoosha vidole viwili na kukata hewa kama mkasi. Akina mama wakapigana viganja. Wekesa alisimama ameshika kiti cha mbele, akangoja. Kilikuwa kicheko alichokilea mwenyewe kwa miaka kumi na sita, na hakikuwa na haraka ya kwisha. Alimwona Jacky naye akicheka, kisha akimtazama usoni na kuacha.

Kilipokwisha, akasema. Alisema kwamba neno majani lina maana mbili, zote sahihi, na kwamba yeye, anayewasahihisha watu hapa kila mwezi, alijua moja. Alisema kwamba Katembo alimuuliza mara mbili, na mara ya pili akamjibu kwa dharau. Alisema kwamba mtu alipoteza kazi kwa amri yake, naye akakosa neno la kumtetea ofisini na kupata maneno huku chaini. "Aliyenyoa uwanja ni mimi," alisema. "Jina hilo mnipe mimi."

Mchungaji alifungua daftari la matangazo, akalifunga. Kisha sauti ikatoka nyuma kabisa, penye mlango, ambapo mtu mwenye fulana ya kazi alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni.

"Huku nyuma hatukusikia muzuri, mzee," alisema Katembo. "Rudilia."

Wekesa akashusha pumzi, akarudia tangu mwanzo, kwa sauti zaidi.