Ameondoka Salama

Kila jioni, nusu saa kabla ya kufungua, mlinzi wa mlangoni alipiga deki mstari. Ulikuwa mstari mweupe wa rangi ya mafuta, upana wa kiganja, kutoka nguzo moja ya mlango hadi ya pili. Ndani ya mstari mteja alikuwa mteja. Nje ya mstari alikuwa mpita njia, na baa haikumjua. Mwenye baa, mwanamke nadhifu ambaye kila mtu alimwita Bosi, hata mama yake mzazi, aliuchora kwa mkono wake mwenyewe, amepiga magoti juu ya gazeti ili asichafue sketi.

Mlinzi huyo, waliyempa jina la Komeo, alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mnene, mpole, asiyegusa pombe. Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Mteja akizidiwa, Komeo alimtupa begani, akamvusha mstari, akamlaza chali kwenye saruji, uso juu, mikono kifuani. Uso juu kwa sababu juu ya mlango palikuwa na kamera, na Bosi alitaka kamera ione vizuri kwamba mtu hana jeraha, asije ndugu yake kesho akasema alipigwa ndani. Kisha Komeo alirudi kwenye kiti chake, akafungua daftari, akaandika saa, na mbele ya saa maneno mawili: Ameondoka salama.

Fundi cherehani mmoja naye aliondoka salama, Ijumaa moja, saa saba na nusu usiku. Alfajiri wafagiaji wa barabara walimkuta vilevile alivyolazwa. Alikuwa amepaliwa na matapishi yake mwenyewe. Polisi walikuja, wakatazama picha za kamera, wakaona uso hauna hata mkwaruzo, wakasoma daftari. Mmoja wao alimsifu Komeo kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu iliyofuata, maziko yakiwa yamekwisha, saa kumi na mbili kamili jioni, fundi alikuwa ameketi meza ya saba. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na suruali ina vipande vya uzi mweusi. Macho yalikuwa maangavu, ya mtu ambaye hajaonja kitu tangu asubuhi. Dada wa kaunta alimwuliza atatumia nini. Fundi akasema atasubiri kidogo. Dada akaifuta meza, maana marehemu au si marehemu, meza ilikuwa na vumbi, kisha akaenda kupanga kreti.

Bosi alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu, kama anakalia nafasi ya mteja. Wakamwambia meza ya saba iko jirani na choo na hakuna anayeitaka.

"Basi mwacheni," akasema. "Ila akizidiwa, utaratibu ni uleule. Sitaki isemwe hapa kuna watu wanapendelewa."

Na alizidiwa, usiku huo na kila usiku uliofuata. Chupa haikupelekwa mezani kwake, lakini usiku wenyewe ulimlewesha, saa kwa saa, kama ulivyomlewesha Ijumaa ile. Saa mbili alianza kuchekea utani wa meza za mbali. Saa tatu na nusu wote walikuwa ndugu zake. Saa nne alisimama, akapita akiwapima watu mabega na kuwaahidi makoti ambayo hakuna aliyeyaomba. Saa tano alirudi kuketi, akaegemea ukuta, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nipatie maji."

Ijumaa ile dada wa kaunta alikuwa na meza kumi na moja peke yake. Alimwambia asubiri, kisha mtu mmoja mkarimu akamwagizia fundi bia nyingine, na maji yakasahaulika. Sasa alimletea kila usiku, maji ya baridi, mara tu alipoomba. Fundi aliitazama glasi, akanyoosha mkono, na mkono ukashindwa kuishika, kwa kuwa Ijumaa ile glasi hiyo haikuwapo. Dada aliiondoa ikiwa imejaa. Usiku wa kwanza alilia nyuma ya friji, na wa pili pia. Baadaye akazoea, na huko kuzoea ndiko kulikomwogopesha.

Ikifika saa saba na nusu, Komeo alimbeba. Uzito wake ulikuwa wa mtu wa kawaida, haukupungua kwa kufa. Alimvusha mstari, akamlaza chali, akampanga mikono. Kabla hajanyoosha mgongo saruji ilikuwa tupu. Komeo aliandika daftarini hata hivyo, kwa sababu hakuambiwa asiandike.

Mke wa fundi alizipata habari hizi katika mwezi wa pili baada ya maziko, kutoka kwa mteja aliyekuja kuulizia suruali yake. Alifika jioni hiyohiyo. Hakupiga yowe wala kushika kichwa. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mumewe, akamwuliza ufunguo wa kabati la vitambaa aliuweka wapi.

"Chini ya cherehani, upande wa pedali," fundi akasema. "Nimekuambia mara ngapi?"

"Ungeniambia mara moja ukiwa hai, ingetosha."

Wakacheka wote wawili, mpaka mke akalazimika kufuta macho kwa ncha ya mtandio.

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni na mfuko wa kazi. Fundi alipinda suruali, akashona vifungo, akauliza habari za watoto, akatoa amri za nyumbani ambazo mkewe alizikubali zote na hakutekeleza hata moja. Saa mbili, kicheko kile kilipoanza, mke alikusanya nguo zake na kuondoka. Sehemu iliyobaki aliijua, alikuwa ameishi nayo miaka kumi na miwili. Mara moja walijaribu kutoka pamoja mapema. Fundi aligota kwenye mstari mweupe kwa vidole vya miguu, akarudi nyuma hatua mbili, akajaribu kwa ubavu, akagota tena. "Haidhuru," akasema, akarudi mezani. Ikajulikana kwamba njia yake ya kutoka ilikuwa moja, nayo ni begani kwa Komeo.

Jioni moja fundi alimwita mlinzi, akamtaka avue shati la kazi, akampima kwa futi.

"Bega la kulia limeshuka nusu inchi," akasema, pini zikiwa mdomoni. "Unabeba nini, kaka?"

Komeo alitazama sakafu. "Nakubeba wewe."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, kama wanavyofanya mafundi wakisikia kitambaa kimetoka wapi. "Basi hapa nitaongeza kipande," akasema, na akaongeza. Shati lilimkaa Komeo vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa. Alilivaa kwa aibu iliyompanda mpaka masikioni, na hakuwa na mtu wa kumweleza.

Wiki hiyo mke wa fundi alisimama na Komeo mlangoni.

"Shemeji," akasema, "nimemwuliza nesi. Mlevi halazwi chali. Analazwa ubavu, goti limekunjwa, mkono chini ya shavu, na mtu anakaa naye mpaka azinduke. Hakuna dawa. Ni kukaa naye tu."

"Bosi hataki mtu alale ndani."

"Stoo si ina mlango?"

Komeo alifikiria kazi yake, watoto wake watatu, na mama yake aliyekuwa akimtegemea. Kisha akafikiria shati. "Njoo Ijumaa," akasema. "Uje na mto."

Ijumaa baa ilifurika. Kinyozi aliyemnyoa Komeo kila Jumamosi alikuwa amefungua duka lake mwenyewe mchana huo, akaja kusherehekea na wenzake tangu saa moja. Alikuwa kijana wa kucheka ovyo, na kila aliyempongeza alimpongeza kwa chupa. Saa nne aliwakumbatia wageni. Saa sita wenzake walikuwa wameondoka mmoja mmoja, kila mmoja akidhani yupo mwingine atakayembeba. Dada wa kaunta aliendelea kumpelekea alichoagiza, kwa kuwa alikuwa anaagiza.

Saa saba na nusu Komeo alimbeba fundi, na badala ya kuelekea mlangoni akaelekea stoo. Mke alikuwa ameketi kati ya kreti, mto mapajani. Walimlaza fundi ubavu, wakamkunja goti, wakamtia mkono chini ya shavu. Komeo alisubiri atoweke. Hakutoweka. Alikoroma. Ulikuwa mkoromo mbaya, wenye maji ndani yake, na mkewe aliusikiliza kwa furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mkoromo wowote.

Dada wa kaunta akafungua mlango. "Komeo, Bosi anakuita. Kuna mtu chooni."

Kinyozi alikuwa ameanguka chini ya masinki. Bosi alisimama kando, ameshika sketi isiguse maji.

"Mtoe," akasema.

Komeo alimbeba. Mawazo yake yote yalikuwa stoo: kwamba fundi atapaliwa, kwamba mwanamke yule hana nguvu za kumgeuza peke yake, kwamba hii ndiyo nafasi na haitarudi. Mikono yake iliijua kazi, haikumhitaji. Ilimvusha kinyozi mstari, ikamlaza chali, uso juu, ikampanga vidole kifuani. Iliandika saa, ikaandika ameondoka salama, na Komeo akarudi ndani mbio.

Alikaa na fundi usiku kucha, kiganja mgongoni mwake, akihesabu pumzi. Mara mbili fundi alitapika, na mara zote mbili matapishi yalitoka nje, yakaishia kwenye gunia, na mke akapangusa. Saa tisa Bosi aliondoka kwa gari lake kupitia mlango wa nyuma. Dada wa kaunta alizima taa, akafunga mlango wa mbele kwa ndani, akaja kuketi nao na glasi ya maji. Hawakuongea sana. Komeo hakukumbuka usiku mwingine aliokuwa na raha kiasi kile.

Saa kumi na moja alfajiri fundi alifumbua macho.

"Dada," akasema, "nipatie maji."

Aliishika glasi. Akanywa yote, akaomba ya pili, akanywa nayo. Alisimama, akatundika futi shingoni, akauchukua mto kwapani, akamshika mkewe mkono. Komeo aliwatangulia kufungua mlango, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi na hakuyajali. Fundi aliuvuka mstari kama mtu yeyote anavyovuka mstari, kisha ikambidi asimame, kwa sababu mbele yake palikuwa na mtu.

Aliinama akamtazama. "Huyu amelazwa vibaya," akasema.

Komeo alipiga magoti. Alimgeuza kinyozi ubavu, akamkunja goti, akamtia mkono chini ya shavu, hakukosea hata kimoja. Kinyozi alikuwa baridi na mkono wake ulikuwa mgumu kukunjika. Komeo alikaa naye mpaka wafagiaji walipofika.

Fundi alifika nyumbani, akanywa chai, akagombana kidogo kuhusu ufunguo wa kabati, akalala kitandani kwake ameelekea ukutani. Adhuhuri alikufa mara ya pili, watoto wakiwa wamemzunguka, na kilichobaki ni shimo dogo kwenye mto. Mkewe alisema hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza, kama kungekuwa na haki.

Kule baa polisi walikuja, wakatazama picha, uso wa kinyozi haukuwa na mkwaruzo. Komeo aliwaambia, "Mimi ndiye niliyemlaza."

"Tunajua," wakasema. "Imeandikwa." Yule aliyemsifu mara ya kwanza aliongeza kwamba mwandiko umeharibika kidogo.

Komeo alimweleza Bosi habari ya kulaza ubavu. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Ubavu kamera haioni uso," akasema.

Mchana huo stoo iliwekewa kufuli na ufunguo akakaa nao yeye. Kisha akatandika gazeti, akapiga magoti, akaupaka mstari rangi upya. Komeo alitaka kuacha kazi, akavua kabisa beji. Lakini alimfikiria mtu atakayekuwa mezani Jumatatu, na kwamba mlango wa mtu huyo utakuwa bega lake Komeo tu, si jingine. Akaivaa tena beji.

Jumatatu saa kumi na mbili kamili kinyozi alikuwa meza ya saba, mikono ya shati imejaa vipande vya nywele. Dada wa kaunta alimwekea maji bila kuulizwa. Komeo alikuja, akavua kofia, akaketi mbele yake.

"Kaka, umeachia nywele," kinyozi akasema. "Jumamosi nilikusubiri."

"Sikuweza kuja."

"Geuka." Alitoa mkasi mfukoni, akamwinamisha kichwa kwa vidole viwili. "Sasa hivi saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo."

"Ah, basi bado mapema," kinyozi akasema, akaanzia kisogoni.