Tundu la Zinki

Teksi ilikuwa imeshakata kona, mkono wa binti yake bado unapunga nje ya dirisha, Fundi Bati alipogundua kwamba amesimama mlangoni amekumbatia tundu la ndege kama mtu aliyeachiwa kichanga. Binti na mumewe walikuwa wanahamia nchi ya mbali. Huko binti alikuwa amepata kazi ya kufua nguo za hospitali, nayo ilikuwa ya majaribio kwanza. Vumbi likatulia. Kasuku, asiyejua wakati wa kunyamaza, akapaza sauti: "Karibu ndani, shemeji!"

"Shemeji babu yako," Fundi akamjibu, akaingia ndani.

Kasuku alikuwa wa binti tangu utotoni. Binti ndiye aliyemfundisha kusalimu, kupiga mluzi, na kukohoa vilevile anavyokohoa baba yake asubuhi. "Nitunzie, Baba," alikuwa amesema akifunga begi. "Huyu ndiye nitakayemrudia." Alisema kwa mzaha, lakini mzee, aliyefiwa na mke zamani na asiye na mtoto mwingine, alilimeza neno lile zimazima.

Nyumba ikawa tupu, mikono ikamwasha. Tundu la zamani lilikuwa la chuma kilichoshika kutu, na binti alikuwa hachoki kulilalamikia. Basi Fundi akatandaza mezani waya wa zinki, uleule aliowafumia watu mabanda ya kuku na kuwaapia kwamba wajukuu zao wataukuta hauna hata doa. Akaukata, akaunyoosha kwa nyundo ya mbao, akalehemu kila kiungo kwa risasi iliyoyeyushwa, akaweka kuba juu na mlango wa kuteleza. Likang'aa kama kikombe cha ushindi. Akalipiga picha, akampelekea binti.

"Baba! Hilo jumba la mfalme!"

Kasuku alilipenda jumba lake kwa mdomo. Kutwa anatafuna viungo na kukwangua waya, kru, kru, kru. Fundi akiwa kazini pembeni yake anacheka: "Kagua, kagua, bwana mkaguzi. Kasoro huioni hapo."

Kisha ukaguzi ukakoma. Kasuku akatuna manyoya kama mtu aliyejifunika blanketi, akawa anakunywa maji mengi na chakula hagusi, na choo chake kikageuka kijani. Salamu hana, mluzi hana.

Mshona viatu wa kibanda cha pili alikuja kumtazama, kiatu cha mteja bado kimemning'inia mkononi. "Huyu ana majonzi," akasema. "Ameachwa. Mtazame, kisha ujitazame wewe. Mmefanana kama mapacha, ila yeye ana manyoya."

"Mimi nina nini?"

"Wewe? Hujachana nywele tangu teksi ile iondoke."

Majonzi! Fundi akaling'ang'ania neno. Jioni ileile akapiga simu. "Mwanangu, ndege wako hali kitu. Anakulilia."

Binti akalia. Mzee akasikitika, lakini ndani ya sikitiko lile palikuwa na kitu kitamu kidogo, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa, kila mara akiongeza chumvi. Akaiweka simu karibu na tundu, binti akaita jina la utani la ndege wake, na kasuku akatikisa kichwa.

"Umeona? Anakuitikia!"

Kumbe alikuwa anashindwa kukishikilia kichwa chenyewe.

"Nitaomba ruhusa nije, Baba. Mume wangu amenuna, anasema nitafukuzwa."

"Fanya unavyoona, mwanangu," akasema mzee, kwa sauti ya mtu anayejua ataonewa huruma.

Kasuku alipoanguka kutoka kwenye kijiti chake na kubaki chali, ndipo Fundi alipofunga tundu juu ya baiskeli na kwenda kwa daktari wa mifugo. Chumba kilinuka ng'ombe na dawa ya sakafu. Daktari, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira, akampiga ndege eksirei, akaiinua picha kwenye mwanga. Tumboni palikuwa na chembe nyeupe, kama mchele uliomwagika.

"Mzee, tundu hili umelinunua wapi?"

"Linunuliwe wapi? Kazi ya mikono hii," akajibu, kifua mbele.

Daktari akakwangua waya kwa ukucha, akashusha pumzi. "Waya huu una zinki, na viungo vina risasi. Kwa ndege hiyo ni sumu, na amekuwa akiila kila siku. Nitamchoma sindano ya kuitoa, lakini umechelewa. Sidhani kama ataiona jioni."

"Kwa hiyo hana majonzi?"

"Majonzi? Mzee, ana madini tumboni."

Simu ya Fundi ikalia.

"Baba, niko dirishani, nataka kukata tiketi. Kazini wamesema nikiondoka nisirudi. Nimewaambia haya. Anaendeleaje? Nikate?"

Mezani kasuku alikuwa hai: kifua kinapanda na kushuka, jicho limefumba nusu. Fundi alimjua mwanawe. Akimwambia anaumwa, atakata. Akimwambia yu taabani, atakata upesi zaidi. Na kurudi kwake ndicho kitu pekee alichokuwa akikililia muda wote huu.

"Usikate," akasema. "Amekufa."

Daktari akageuka, sindano mkononi. Fundi akampa mgongo.

"Amekufa lini?"

"Sasa hivi. Na hakufa kwa majonzi, mwanangu. Ni tundu langu. Waya una sumu. Mimi namlisha sumu kwa mkono huu, na kwa mkono huu nakupigia simu uache kazi. Rudi kazini."

Binti akauliza: "Ulikuwa unamwona anatafuna?"

"Nilikuwa nacheka."

Simu ikakatika, na halikuwa tatizo la mtandao.

Kasuku hakufa. Sindano zilimkubali, akarudi nyumbani ndani ya boksi la sabuni, ila hakusema tena neno hata moja.

"Sasa utamwambiaje?" mshona viatu aliuliza.

"Nimwambie amefufuka? Ataamini lipi tena kinywani mwangu?"

Hakumwambia. Akamhamishia ndege kwa mshona viatu. Tundu aliliponda kwa nyundo. Binti alithibitishwa kazini, akazaa mtoto wa kiume, akawa anapiga simu mara chache na kukata mapema. Daktari alihamishwa. Fundi Bati aliugua kifua, akafa kabla ya kumwona mjukuu. Binti alikuja mazishini, akaenda kumshukuru mshona viatu kwa kumuuguza baba yake, akamwona kasuku kimya kwenye sanduku la mbao, kifua hakina manyoya. Akauliza wa nani. Mshona viatu akasema ni wake. Binti akasema nao waliwahi kuwa na kasuku, akaaga, akaondoka. Nyumba ilipangishwa kwa muuza rangi.