Marietha Anatafuta Kifungo

Asubuhi ambayo Bonifasi alirudi kutoka gerezani, dada yake Marietha alikuwa uani anapepeta uwele. Bodaboda ikasimama kwenye ua wa minyaa, na nyuma yake imefungwa cherehani kwa mipira, kama mgonjwa anayekimbizwa zahanati. Bonifasi akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umenenepa?"

"Huko tulikuwa tunasoma, dada. Kusoma hakuchoshi kama jembe."

Neno hilo lilimwingia Marietha na halikutoka. Alikuwa amemwandalia mdogo wake jogoo na machozi. Jogoo akaliwa. Machozi yalikataa kushuka.

Maana Bonifasi hakuanza kusomeshwa gerezani. Marietha alitolewa shule darasa la nne akachunge mbuzi, na alipofika umri akaolewa. Ng'ombe wa mahari yake baba yao aliwapeleka mnadani mmoja baada ya mwingine, akamlipia Bonifasi ada ya sekondari. Bonifasi akaikimbia sekondari, akajiunga na wezi wa mifugo, akakamatwa njiani anaswaga ng'ombe wa watu. Gerezani wakamkalisha chini wakamfundisha upya: kusoma sawasawa, hesabu, na ushonaji. Akafanya mtihani wa ufundi, akafaulu. Siku ya kutoka, padri anayehudumia wafungwa akamtafutia cherehani.

Mvua hazijaanza, kijiji kizima kilikuwa kimevaa kazi ya mkono wa Bonifasi. Walewale waliosema mwizi hafundishiki walisimama barazani kwake na vitambaa vyao, wakipimwa mabega. Jumapili alisoma somo kanisani bila kukwama, hata kwenye yale majina magumu ya Waebrania. Alikuwa amebadilika kweli. Hilo Marietha hakulibisha, na ndilo lililomuuma.

"Kitendawili," alikiambia chungu jioni moja, anasonga ugali. "Mgeni wangu hagusi chakula, anamla mwenye nyumba."

Chungu kilijua jibu ni wivu, kikaendelea kutokota.

Kesho yake akamwendea mdogo wake. Tangu afiwe na mume alikuwa hajamwomba mtu kitu.

"Boni, nifundishe."

"Baada ya mavuno, dada."

Alizeti zikavunwa, zikapigwa, zikakamuliwa. Marietha akaenda tena.

"Sasa hivi ni sare za shule, dada. Wazazi wananikaba. Ngoja kidogo."

Marietha akarudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akafikiri. Mjini hakuwahi kusoma, kijijini hakuna wa kumfundisha, na mdogo wake ana wazazi wanaomkaba. Mahali alipopajua kwa hakika kwamba mtu anaingia hajui na anatoka anajua palikuwa gerezani tu. Akaamua aende huko. Na ili uende huko lazima uibe.

Alianza na kuku wa jirani yake Anastazia. Alimkamata mchana kweupe, akamfunika na tenga, akaketi mlangoni kungoja kelele. Jua lilipokuwa utosini, kuku aliinua tenga kwa kichwa, akatoka, akashika njia ya kwao. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayetoka kusalimia.

Anastazia akaja kwenye ua.

"Marietha, kuku wangu ulimpa maji?"

"Sikumpa. Nilimwiba."

"Basi siku nyingine mpe maji, ana vifaranga yule."

Akaiba sufuria. Sufuria ikabingirika mpaka kwa mwenyewe. Pale kisimani ilisimama kidogo kupisha ng'ombe. Akaiba baiskeli ya katekista. Baiskeli ikaondoka bila mpandaji, na kwenye kona ikapiga kengele. Waliokuwa njiani wakasogea pembeni. "Ya Marietha hiyo, ipisheni iende," wakasema, wakaendelea na habari zao. Katekista mwenyewe alifurahi, kwa sababu ilirudi na tairi limejazwa upepo. Ila watu wakaanza kumtania Marietha kisimani. "Mama mwizi, njoo uibe na huu mzigo wangu wa kuni, ujipeleke wenyewe nyumbani!" Yeye hakucheka. Kila alipopita kwa Bonifasi alisikia cherehani inakwenda mbio, na mgeni wake aliyemla kwa ndani akazidi kushiba.

Mwisho akachukua mbuzi wa jirani mwingine, Abraham, akamfunga kamba, akamswaga mpaka Ilongero, kituo cha polisi. Kaunta alikuwepo askari wa kike, Jenipher, umri wa kuzaliwa na Marietha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeiba. Nifunge."

"Umeiba nini?"

"Mbuzi huyu."

Mbuzi alikuwa ameshaifungua kamba. Alishuka ngazi, akatazama kulia na kushoto, akavuka barabara.

"Anakwenda wapi?" Jenipher akauliza.

"Kwao."

"Na mwenye mbuzi analalamika?"

"Halalamiki. Anasema mbuzi anaijua njia."

Jenipher akaweka kalamu chini. "Sasa mama, mlalamikaji hakuna, kilichoibiwa kimeondoka. Nikuandikie kosa gani?"

"Andika nataka kujua kushona."

"Gereza si shule, mama yangu."

"Mdogo wangu kasomea wapi?"

Askari alikuwa binti mwenye haki, hakutaka kumdanganya mtu mzima. "Kwenu hamna darasa la watu wazima?"

"Lilikuwepo. Mwalimu akahamishwa kabla hatujamaliza herufi."

"Vyuo vya ufundi?"

"Wanataka cheti cha darasa la saba. Mimi niliishia la nne."

"Basi mama," Jenipher akasema, akammiminia chai ya thermosi. Wakanywa pamoja, wakiangalia barabara. Chai ilikuwa nzuri, na haikubadili kitu.

Siku ya tatu yake, Bonifasi akiwa ndani anakula, Marietha aliingia barazani kwake akaitwaa cherehani. Alijitwika kichwani pamoja na miguu yake ya chuma, akapita nayo katikati ya kijiji.

"Leo umebeba kizito!" Anastazia akapaza sauti.

"Itarudi yenyewe, wala usihangaike."

Jioni watu wakaiachia njia. Bonifasi alifagia mbele ya baraza, akaondoa na mawe, isije ikajikwaa. Cherehani haikuja. Asubuhi akaenda na Mzee Andrea, mwenyekiti wa kitongoji, wakaikuta uani kwa Marietha, imetulia kama mwali. Wakaibeba kuirudisha. Kabla Mzee Andrea hajamaliza kufuta jasho, ikajiinua kwa Bonifasi, ikaondoka kwa miguu yake ya chuma, kwata, kwata, kwata, mpaka uani kwa Marietha, ikasimama palepale.

Mzee Andrea akakohoa.

"Kitu kinamjua mwenyewe. Hao ni ng'ombe wa mahari ya Marietha. Walizunguka tu."

Hakuna aliyebisha, hata Bonifasi. Walioleta vitambaa wakavihamishia kwa Marietha siku hiyohiyo, na wengine wakampa mkono wa hongera.

Marietha akaketi mbele ya mali yake. Akazungusha gurudumu. Uzi ukajiviringa ukawa kiota, sindano ikavunjika. Akamwita mdogo wake.

"Boni, chombo ni changu. Sasa nifundishe."

Bonifasi alichuchumaa. Alianza kuokota vipande vya sindano kwenye vumbi, na alisema bila kumtazama.

"Dada, nilipotoka kule, nikipita watu walikuwa wanaingiza kuku ndani. Leo wananiita fundi. Ukijua na wewe, watakuja kwako. Wewe hujawahi kufungwa. Mimi nitabaki nani?"

"Utabaki mdogo wangu."

"Hata nilipokuwa mwizi nilikuwa mdogo wako."

Marietha akabaki na kitendawili tu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Ninayo mali, mwizi haiwezi."

Bonifasi alijua jibu ni elimu, tangu darasani kule gerezani, lakini hakumfundisha. Alivuta kigoda, akaketi kwenye cherehani ya dada yake, akaweka sindano mpya.

Basi ikawa hivyo. Bonifasi alikuja kila asubuhi kushonea uani kwa Marietha, akimpa shikamoo na sehemu yake ya mapato. Marietha alipika, alichota maji, na katikati ya kazi zake alimwibia. Alimwibia kwa macho: jinsi anavyopima bega, jinsi anavyokata mkono wa gauni, mguu unavyogusa na kuachia. Mchana kutwa aliviweka vitu hivyo kichwani kimoja juu ya kingine, akavibana na kilemba. Bonifasi alipofunga kazi na kuondoka, Marietha alivisikia vinaamka. Vilitoka sikioni mwake taratibu kama sisimizi, vikashuka begani, vikapita uwazi wa ua, vikashika njia kumfuata mwenyewe. Marietha hakuvizuia. Aliviangalia mpaka vikapinda kona, kisha akaingia ndani kubandika ugali.

Januari shule zilipofungua, uani kwake palijaa. Akina mama walikuja hata kutoka Kinyangiri, na kila aliyefika alimsalimia Marietha kwanza, kwa heshima, kwa kuwa cherehani ni yake na wote wanajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Fundi yupo?"

"Yupo," Marietha alijibu, akasogeza kigoda chake, wapate kupita.