Kaseti ya Pili ya Nahodha

Ubishi wa Zubeir na Dena ulikuwa haumaliziki, na timbo zima la mawe lilikuwa limeuchoka. Zubeir mtoto wa Shella, Malindi mjini. Dena Mgiriama wa Tezo. Kazi ya kukata mawe ya kujengea iliwakutanisha, video zikawafanya ndugu. Steringi wa Zubeir, shujaa wake wa filamu, alikuwa Nahodha, yule anayeingia mapangoni kutafuta mali za wafalme. Wa Dena alikuwa Kipepeo, mvaa barakoa anayerukia ndege ikipaa. Majina hayo waliwapa wao wenyewe. Ya Kizungu nani ana haja nayo?

"Kipepeo wako ana bahati tu," Zubeir humwambia. "Kila akianguka, chini pana majani makavu!"

"Na Nahodha? Kila mtego anauingia kwa miguu yake mwenyewe. Shujaa gani hafunziki?"

Mzee Seif, babake Zubeir, akiwacheka wote wawili. "Hao masteringi wenu wajukuu tu. Sisi tuliwatazama babu zao kwenye shuka jeupe, kipande leo, kipande wiki ijayo. Steringi anaachwa shimoni, maji yamfika puani. Wiki ijayo, huyoo, katoka! Steringi hafi."

Basi mwaka themanini na sita ikaja filamu mpya ya Nahodha, kaseti mbili. Ya kwanza waliitazama pamoja. Iliishia Nahodha akizuia dari la pango kwa mgongo. Ya pili Dena aliitazama peke yake kwa Msellem, mwenye video, akaujua mwisho: Nahodha anafukiwa, anakufa. Akaiweka habari hiyo kiporo, amchome nayo Zubeir siku ya siku.

"Dari atalizuiaje kwa mgongo?" akamchokoza mchana mmoja, wakila mihogo timboni. "Jiwe lile si mkate."

"Hivi!" Zubeir akaruka, akaingia chini ya ukuta wa jiwe waliokuwa wameuchimba kwa chini asubuhi. Pahali kama pale mtu haingii mpaka jiwe la juu liangushwe. Hata mgeni wa siku moja anajua. Akabandika mgongo, akatunisha misuli, wote wakacheka. Lo, upuuzi wa watu wazima! Jiwe likashuka.

Afadhali lingemuua pale pale. Lilimlalia kiunoni, kifusi kikamziba, likabaki pengo la kupitisha mkono tu. Kombe, msimamizi, akakimbilia barabarani kutafuta lori lenye mnyororo. Wengine wakashika mataimbo. Dena akalala kifudifudi, akaupata mkono wa mwenzake, akaung'ang'ania.

"Dena," sauti ikatoka, ndogo. "Kaseti ya pili. Nihadithie."

Kiporo cha Dena hicho, sasa akile mwenyewe.

"Nahodha anatoka," akasema.

"Vipi?"

"Kipepeo anamjia."

"Kipepeo? Kwenye filamu ya Nahodha?"

"Nyamaza usikilize! Anakuja na kamba, analifunga jiwe, analivuta. Nahodha anatoka na vumbi tupu. Hata jeraha hana."

Dena akadhani ndiyo basi. Kisha akasikia kicheko, kile kile cha kumkera kila siku, ila kilikatika katikati.

"Muongo we! Nimeiona. Juzi, kwa Msellem." Zubeir akavuta pumzi kwa taabu. "Sikukwambia, ungenicheka. Lakini hiyo yako nzuri zaidi. Endelea, ndugu yangu."

Dena akaendelea, machozi na vumbi vikamgeukia tope usoni. Akawavusha mashujaa wale mto, akawapandisha farasi mmoja, akawapitisha Kakuyuni, akawafikisha Shella, nyumbani kwa Zubeir, ambako Kaltuma mkewe alikuwa amewapikia wali wa nazi. Ule mkono ulikuwa umeacha kumfinya zamani. Alijua, na hakuthubutu kunyamaza. Lori lilipofika alikuwa bado anahadithia, mpaka Kombe akamshika bega.

"Basi, Dena. Basi."

"Ngoja kwanza," Dena akasema. "Hawajala."