Mguu Nje ya Blanketi

Mama mkwe alishuka kwenye basi akiwa na gauni jepesi na ndala za bluu, akavuta pumzi moja ya hewa ya mlimani, akauliza, "Nani kaacha mlango wazi?" Akaambiwa hakuna mlango, ndiyo hali ya hewa ya huku. Alipofika nyumbani kwa binti yake, akaingia chumbani, akapanda kitanda cha wenye nyumba na kujifunika mablanketi yote yaliyokuwemo. Tangu hapo binti na mumewe wakawa wanalala sebuleni kwenye mkeka, wamejifunika pazia.

Huyo mume kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Mji mzima ulimwita Tazameni, kwa sababu ndilo neno alilolitumia kuliko mengine yote: tazameni maua, tazameni maporomoko, tazameni ukungu. Watu walitoka nchi za joto kufuata baridi tu, wakatetemeka kwa furaha, wakaondoka wakimsifu. Lakini mgeni huyu mmoja, ambaye kuridhika kwake ndiko kulikokuwa na maana kuliko wote, alikuwa hajaona hata sufuria za jikoni.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema kutoka chini ya mablanketi. Tazameni alikuwa nje ya mlango wa chumba, ameinamisha kichwa, kwa kuwa mkwe mwenye adabu haingii anapolala mama mkwe hata kama kitanda ni chake. "Mimba hii imekomaa. Akajifungulie penye jua, na huku asirudi tena. Sitaki mjukuu wa kugandishwa kama samaki."

"Mama, ungeuona kwanza mji wenyewe," binti alisihi. Alimpenda mumewe, lakini maishani mwake hakuwahi kumshinda mama yake kwa maneno.

"Haya. Mji wenu ukiwa na kitu kimoja, kimoja tu, cha kunifanya nitoe mguu nje ya blanketi, wewe baki. La sivyo, kesho tunaondoka na basi la jioni."

Mtu mwenye akili zake angekata tamaa hapo. Tazameni alikwenda kumwita seremala jirani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyeinama ni seremala, akafunga magurudumu ya mkokoteni kwenye miguu ya kitanda, huku mama mkwe yuko juu anauliza panya wa huku wamepata wapi nyundo. Tazameni alisaidia kumulika tochi akiwa mlangoni, macho ameyafumba kwa heshima, kwa hiyo mwanga wote ulikwenda darini.

Kitanda hakikupita mlangoni, wakang'oa fremu. Seremala alibaki nayo kuifikiria namna ya kuirudisha, akatoa onyo moja tu. "Kupanda, vuta ukiwa mbele. Kushuka, shika ukiwa nyuma."

"Nyuma ni kichwani kwake!" Tazameni alishtuka. "Nisimame namwangalia mama mkwe alivyolala? Mimi nimelelewa, bwana."

Kesho yake akajifunga kamba kiunoni, akampa mama mkwe mgongo, akavuta. Mkewe alitembea kando na mwavuli, mkono mmoja kwenye tumbo. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeshangaa. Askari wa barabarani aliwasimamisha, akakizunguka kitanda chote, akasema blanketi limezidi upande wa kulia, likunjwe. Likakunjwa. Watalii walidhani hilo nalo ni moja ya mambo ya kufanya mjini hapo, wakafuata nyuma kwa foleni, na mmoja akataka kujua kitanda kinachofuata kinaondoka saa ngapi.

Kwenye bustani ya maua, waridi zilikuwa kubwa kama kabichi. Blanketi likasogea, mkewe akapaza sauti. Moyo wa Tazameni uliruka, kumbe ilikuwa pua. Ilinusa, ikarudi ndani.

"Hiyo tuihesabu?" aliuliza, mgongo bado umegeuka.

"Pua si mguu."

Kwenye maporomoko alimweleza kwamba maji yale yanaanguka usiku na mchana tangu enzi za mababu. "Na katika muda wote huo," alijibu mama mkwe, "hamkupata fundi bomba?"

Basi akajikaza, akavuta mpaka kileleni, pale ambapo hakuna mgeni wake aliyewahi kununa. Akaegesha kitanda, akaweka jiwe kwenye gurudumu. "Tazama, mama! Ziwa lile, mashamba ya chai yale, na mji wote chini yako!"

"Wapi?"

"Nyuma ya ukungu."

"Hata mimi nyuma ya blanketi hili nina miaka ishirini. Utaniamini?"

Watalii wakapiga picha ya ukungu, wakaridhika. Huko chini stendi, basi la jioni likapiga honi. Tazameni akalia. Hakulia chozi moja la kiume. Alilia kwa kwikwi na kamasi, maana aliiona nyumba yake haina mke, haina mtoto, na yeye peke yake na lile pazia. Mkewe naye alikuwa analia chini ya mwavuli. Basi akakigeuza kitanda, akaondoa jiwe, na kwa adabu zake zote akasimama mbele.

Mteremko haujui mkwe wala mjomba. Kitanda kilimpiga nyuma ya magoti, akaanguka kinyumenyume, akatua kitandani na mama mkwe mbele ya watu.

"Toka kitandani kwangu!"

"Mama, kitanda ni changu!"

"Usinitazame!"

"Sikutazami, nimefumba macho!"

"Fumbua, mjinga wewe, utatuua!"

Akafumbua. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, aliuona uso wa mama mkwe kwa karibu: macho ya mkewe yale yale, yamejaa hofu. Maporomoko yalipita, bustani ikapita. Askari akasimamisha magari, akakipigia kitanda saluti. Tazameni alishusha mguu barabarani, soli ya kiatu ikaanza kutoa moshi, na kitanda hakikupunguza mwendo hata kidogo.

"Mguu mmoja hautoshi! Toa na wako, mama!"

"Nilisema sitoi!"

"Mjukuu wako atazaliwa hana baba wala bibi!"

 Mablanketi yakasogea, na mguu ukatoka, mwembamba, na ndala ya bluu bado iko mguuni, ukakanyaga lami kwa hasira zote za mwenye nayo. Kitanda kililia, kikayumba, kikasimama stendi, kikilibusu basi la jioni. Konda akakitazama, akasema, "Mizigo mikubwa inakaa juu."

Ilichukua muda binti kufika, kwa mwendo wa tumbo lake. Aliwakuta wote wawili kitandani wanahema, kila mmoja na mguu wake chini. Akatazama ndala.

"Mama. Mguu."

"Huu haukutolewa na mji," mama mkwe alisema haraka. "Umetolewa na mteremko."

"Na mteremko ni wa mji gani?"

 Mama mkwe alimtazama binti yake, ambaye midomo yake ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa baridi. Akamtazama mkwe wake, aliyekuwa amefumba macho tena kwa heshima, kiatu hakina soli, na mkono bado umeshikilia blanketi lisimfunue mama mkwe.

"Ondoa basi lako," alimwambia konda.

Kisha akavuta blanketi la juu, lile zito, akamrushia binti yake. "Jifunike, una mtu humo. Na wewe, baba, fumbua macho, tunakaa nyumba moja mpaka mtoto aje." Mguu wa pili aliubakiza ndani, asije mkwe akajiona.